Karatasi ya Visiwa

Kila Jumatano, masomo yalipomalizika, Nyakerario alikimbilia chumba cha kompyuta. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Saba katika shule moja mjini Migori. Yeye na wenzake saba walicheza mchezo mmoja wa vita. Kila mmoja alijenga mji wake kwenye skrini, akakusanya mbao na chakula, akaunda jeshi. Hakuna aliyesubiri zamu. Wote walicheza kwa pamoja.

Ili mtu asizoee mbinu moja tu, Mwalimu Joash alibadilisha mipangilio ya kila mechi. Alikuwa ameandika vijikaratasi kumi na kuvitia ndani ya kopo. Kimoja kilisema jangwa na mwendo wa kasi, kingine msitu wenye mbao tele. Terry, mmoja wa wachezaji na mtunza kopo, alichomoa kimoja bila kutazama, na mechi ikachezwa hivyo.

Nyakerario aliogopa kijikaratasi kimoja tu: "Visiwa, chakula haba." Mara mbili alikuwa amecheza visiwani, na mara mbili meli za wenzake zilimmaliza kabla ya dakika kumi. Walimcheka hadi getini.

Siku ya kuchagua wachezaji wanne wa kwenda kushindana Homa Bay, Nyakerario alifika wa kwanza. Kopo lilikuwa mezani. Alitega sikio. Varanda ilikuwa kimya. Akakitafuta kijikaratasi cha visiwa, akakisokomeza ndani ya soksi.

Terry alichomoa jangwa. Nyakerario alishinda, naye Terry akawa wa pili. Majina yao yalikuwa tayari ubaoni Mwalimu Joash alipovihesabu vijikaratasi.

"Tisa," alisema. Akahesabu tena. "Terry, cha visiwa kiko wapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Kopo hutunzwa na nani?"

"Na mimi, Mwalimu."

"Basi huendi Homa Bay mpaka tujue kilikokwenda."

Mwalimu alilifuta jina la Terry. Nyakerario aliinama, akaivuta soksi juu. Aliona kama kila mtu anaitazama soksi yake.

Nyumbani, mama yake alimwekea ugali na mboga. Nyakerario alimega tonge, akalirudisha sahanini. Mtu alipobisha mlango, aliruka. Ni jirani tu, aliyekuja kuazima ungo.

"Unaumwa?" mama aliuliza, akamshika mkono. "Mbona baridi hivi?"

"Siumwi, Mama." Kumficha mama ukweli kukamzidishia hofu.

Asubuhi alimkuta Terry peke yake karibu na bomba la maji, macho yamevimba.

"Nimemwambia Baba sikukichukua," Terry alisema. "Haniamini."

Nyakerario hakuweza kuvumilia tena. Alikwenda moja kwa moja hadi ofisi ya walimu, akakiweka kijikaratasi mbele ya Mwalimu Joash.

"Ni mimi, Mwalimu. Niliogopa kushindwa. Tangu jana naogopa hata mtu akibisha mlango."

Mwalimu alikikunjua kijikaratasi polepole, akakisoma. Nyakerario alitamani hata akemewe.

"Nilimhukumu Terry kabla ya kuchunguza," hatimaye alisema. "Mimi nitamwomba radhi, na nitampigia baba yake simu. Wewe utamwambia ukweli mbele ya wenzenu. Kisha mechi itarudiwa, na tutacheza visiwa."

Alasiri hiyo Nyakerario alisimama mbele ya wote na kukiri. Wengine walinong'ona. Terry aligeuza uso. Mechi ilipoanza, Nyakerario alijenga bandari kwanza, akalinda ufuo wake, akavua samaki. Alishikilia dakika ishirini na tano kabla ya meli za Terry kumzidi nguvu. Akawa wa tano. Hangeenda Homa Bay.

Wakizima kompyuta, Terry alimsogelea. "Hiyo bandari ilinisumbua," alisema, bila kutabasamu bado.

Mwalimu Joash aliwatazama wote.

"Mipangilio tunaibadilisha ili mjifunze kucheza hata pale msipopendelewa," alisema. "Nyakerario, kabla ya jana uliogopa visiwa tu. Ulipoficha ukweli, ukaanza kuniogopa mimi, ukamwogopa Terry, na hata mtu anayebisha mlango. Leo unaogopa nini?"

Nyakerario alifikiri. Mikono yake ilikuwa imepata joto.

"Sijui, Mwalimu," alijibu. "Nafikiri hakuna."