Mgeni Aliyepewa Mbele

Jua lilikuwa linazama nilipopanda ngazi za ukumbi na furushi la sketi begani. Mimi ni fundi cherehani, na sketi za kundi letu la densi ya kiuno nazishona mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa ametangulia. Mwalimu alituma ujumbe kwamba homa imemlaza, tufanye mazoezi wenyewe. Wenzetu waliposikia mwalimu hayupo, ghafla wote wakawa na shughuli nyumbani. Nawajua wale, wavivu wa kutupwa.

Niwaeleze densi yetu, maana bila hilo hamtanielewa. Hatupangi kitu mapema. Mmoja anasimama mbele upande wa kushoto, wengine nyuma yake kimshazari, na yeye anaamua papo hapo. Akishusha bega, tunazungusha nyonga. Akiinua mkono, tunageuka. Akitaka kupumzika, anageuka na kumtazama mmoja wa nyuma machoni, basi huyo ndiye anayechukua uongozi. Mwishowe wa mbele anakutanisha viganja kifuani, na densi inafungwa. Kabla ya hapo haachi mtu kucheza. Kwa hilo mwalimu alikuwa mkali kama pilipili.

Mdogo wangu alikuwa bado mwanafunzi, lakini kipaji chake kilinitia wivu, nasema kweli. Mimi naiona ishara, nafikiri, ndipo nafuata. Yeye anatazama tu, na nyonga zinajibu zenyewe.

"Dada, washa muziki bwana, au kiuno chako kimeshapata kutu?" alinitania.

Nikawasha muziki wa kwenye simu, nikasimama mbele. Nje giza lilikuwa linaingia. Tulikuwa tumeshakolea niliposikia matoazi madogo, yale ya kuvaa vidoleni, yakilia nyuma yetu.

Sisi hatukuwa tumevaa matoazi.

Nikachungulia kwenye kioo cha dirisha. Nyuma ya mdogo wangu alikuwepo mwanamke mwenye sketi ndefu, kichwa kimeinama, anatufuata bila kukosea hata kidogo. Harufu ya udongo mbichi ikanijia puani... Nikadhani ni mwanafunzi wa zamani, huwa wanapitapita. Na sisi tuna adabu yetu: mgeni akiingia kwenye mstari, anapewa mbele. Kumnyima ni kumdharau.

Nikageuka. Nikamtazama machoni.

Macho yale yalinishukuru. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo.

Akapita mbele, nami nikarudi nyuma ya mdogo wangu. Yule mwanamke akaanza mambo ambayo mwalimu hakuwahi kutufundisha. Nyonga inapanda, inakwama, inatetemeka, halafu inashuka polepole mno. Mdogo wangu alizipokea ishara zile kabla hata hazijaisha. Nami mwili ukaanza kunivuta, nikawa sifikiri tena... Hapo kamba ya sketi yangu ikakatika. Ya kwangu nilikuwa nimeishona harakaharaka. Nikainama kuidaka, macho yangu yakaacha kumtazama yule mgeni.

Nilipoinuka, alikuwa anatoka mlangoni, mgongo kwetu, bado anacheza. Matoazi yakashuka ngazi, yakafifia.

Wimbo ukaisha. Mdogo wangu hakuacha.

"Imekwisha," nikamwambia. "Acha basi."

"Dada..." alinong'ona. "Hajafunga."

"Nani?"

"Si huyo hapo mbele."

Mbele kulikuwa na ukuta mtupu.

Nikasimama kati yake na ukuta, nikakutanisha viganja kifuani. Nikarudia. Nikarudia huku nalia. Alinitazama kama mtu anayetazama nje kupitia dirisha. Uongozi haukuwa wangu tena, nilikuwa nimeshautoa kwa macho yangu mwenyewe.

Mwalimu alikuja nyumbani kesho yake, homa na blanketi lake mwilini. Alisimama mlangoni mwa chumba, akaitazama nyonga ya mdogo wangu inayopanda na kukwama. Akashika ukuta.

"Mwenye mchezo huu tulikuwa naye kundini zamani," akasema kwa sauti ndogo. "Alianguka akiwa mbele, mkono juu. Sisi tukaacha kucheza, tukakimbilia maji na kanga za kumpepea. Alikata roho akitutazama tumesimama."

"Sasa atafunga lini, Mwalimu?"

"Sijui, mwanangu. Yeye hachoki."

Akaondoka bila kuketi. Ukumbi ameufunga, na simu zangu hapokei.

Hospitali walimchoma mdogo wangu sindano ya usingizi. Akalala. Chini ya shuka nyonga zikaendelea, taratibu, bila pupa. Daktari akasema ni mishipa ya fahamu, akatupa dawa, tukarudi nyumbani. Mdogo wangu amekonda hadi sketi zote zinamvuka. Miguu imevimba. Akiamka anasimama, na akisimama anacheza. Mama amekuwa akimshika kiuno kwa nyuma mchana kutwa, akimbembeleza kama mtoto mchanga, na mimi nimekuwa nikishona ili tupate cha kumnywesha.

Jana jioni niliingia chumbani na kikombe cha maziwa. Mama alikuwa hamshiki tena. Alikuwa amesimama nyuma yake, kimshazari.

Mama hajacheza maisha yake yote. Hata harusini hung'ang'ania kiti.

Bega la mdogo wangu likashuka.

Nyonga ya mama ikazunguka.

"Mama," nikanong'ona, "toka hapo. Toka nyuma yake!"

"Siwezi, mwanangu."

"Miguu inakataa?"

"Miguu haijakataa." Hakugeuza uso, macho yake yalikuwa kule ukutani. "Nitamwachaje peke yake na yule?"

Nikaweka kikombe chini. Nyuma ya mama palikuwa na nafasi.

Nikavua viatu.