Amri Haramu

Siku ile mjinga alikuwa Hashiru. Mwenyewe anakubali, tena bila kuapishwa.

Baba mkwe wake, mzee Mwinyimadi wa Kurui, ndiye aliyekuwa akiwasomea majirani gazeti. Sasa macho yamekataa, na baraza limepooza. Hashiru akamwahidi programu ya kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti.

Aliiunda nyumbani Maili Moja, kwenye laptopu yake mpya. Katika kuiandaa laptopu ilimuuliza: niangalie prosesa mwenyewe, usihangaike kuchagua? Akabonyeza ndiyo. Nani anapenda kazi? Programu ikasoma kama mtangazaji wa redio.

Jumamosi akaibeba laptopu, akaenda Kurui na mkewe Nuria, mwalimu wa kompyuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Haya, hiyo sauti iko wapi?"

Hashiru akaiweka programu kwenye kompyuta ya zamani ya mzee. Akaifungua. Ikajifunga palepale, ikaacha maneno mawili ya Kiingereza.

"Inasemaje?"

"Inasema... amri haramu."

"Haramu? Umeniingizia nini ndani, Hashiru?"

"Wallahi baba, ni programu tu!"

Akatafuta virusi. Hakuna. Akabadilisha waya. Akaipiga kofi kompyuta. Bado haramu.

"Baba, mashine imezeeka. Tuitupe."

"Na mimi nimezeeka," mzee akasema. "Mtanitupa lini?"

Nuria akacheka, kisha akamgeukia mumewe. "Baba Fadhila, ulipoiunda, iliangalia prosesa ya nani?"

"Iliangalia yenyewe."

"Ya nani?"

Hashiru akajikuna kichwa. "Yangu."

"Basi umemshonea baba kanzu kwa kujipima wewe. Prosesa ndiyo inayotekeleza amri za programu. Ya kwako mpya inajua amri nyingi. Hii ya baba inajua chache. Ikipewa amri isiyoijua, inakataa. Si haramu ya dini, baba. Ni amri ngeni."

"Alhamdulillahi," mzee akasema. "Nilishaanza kumwogopa mkwe wangu."

Nuria akamwonyesha njia. Kwanza Hashiru akaitaka kompyuta ya mzee itaje amri inazozijua. Kisha akarudi kwenye laptopu yake, akazima ule ukaguzi wa prosesa. Akachagua amri zile tu ambazo kompyuta ya mzee imezitaja. Akaiunda programu upya, akaihamishia kwenye kompyuta ya mzee.

Akaifungua, roho juu. Kimya. Halafu sauti ikaanza kusoma habari za bei ya korosho. Mzee akainua mkono.

"Mwiteni jirani Salehe! Waiteni wote!"

Baraza likajaa. Hashiru hakuridhika. Akasogea sikioni kwa mzee.

"Lakini baba, inajivuta. Kule kwangu ilikuwa inakimbia."

"Kwako ilikimbia, kwangu ikafia mlangoni," mzee akasema. "Sasa nyamaza wewe, tumsikie anayejua kusoma."