Tochi Iliyoitwa Jiwe

Ulipita. Usiniambie hukupita. Ulikuwa umekaa nyuma ya pikipiki ya mjomba wako, mnatoka Kasongo kwenda Salamabila, na kabla ya kufika Wamaza mkapita kijiji kidogo ambacho jina lake hukuliuliza. Kando ya njia kuna nyumba ya matofali yenye msalaba mwekundu uliofifia. Ndani mwanamke alikuwa anazaa gizani. Ulisikia sauti yake, ukatazama upande wa pili.

Mimi sisahau. Nakumbuka siku paneli za sola zilipopandishwa juu ya bati la nyumba ile, hotuba na makofi mpaka jioni. Nakumbuka wenye bunduki walipozishusha. Nakumbuka wakubwa waliokuja baadaye na gari, wakaandika, wakala kuku, wakaondoka. Hawajarudi. Basi kaa, usikie habari za Léontine.

Léontine alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila siku akitoka shule alivua sare, akatwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja na dada yake Aurélie, akachota maji, kisha akakaa nyuma ya jiko na tochi zake. Zilikuwa tochi za zamani, za chuma kinachong'aa, ndefu kama mkono wa mtoto, zile ambazo babu zetu walinunua wakati wa kampuni za pamba. Siku hizi zinalala chini ya vitanda na kutu. Kila moja ilikula betri kubwa tatu za dukani, zile tunazoziita mawe, na mwanga wake ulikuwa wa manjano, mchovu, hauvuki hata kizingiti.

Léontine alizibadili. Alitoa balbu ya zamani, akaweka taa nyeupe iliyotoka kwenye pikipiki iliyoanguka. Nyuma ya taa alibandika kipande cha sufuria iliyotoboka, kibebe joto lisiiunguze taa. Nyaya aliziunga kwa risasi laini ya kulehemu, akaiyeyusha kwa msumari mnene uliochomwa ndani ya makaa. Mahali pa yale mawe aliweka betri moja nyembamba iliyotolewa ndani ya kompyuta iliyokufa, akaizungushia karatasi ngumu ya boksi isichezecheze. Ukibonyeza, mwanga ulitoka mweupe, ukafika ng'ambo ya mto, na mbwa wa kule wakabweka.

Betri hizo alipewa na Serge, fundi wa simu wa Salamabila, aliyekuja kijijini kila siku ya soko.

"Sikia, mutoto," Serge alimwambia. "Hii si jiwe. Jiwe unalianika, unaligonga, halikufanyi kitu. Hii ukiitia jua kali ama ukiigonga, inalipuka moto. Ikichoka, niletee niichaji kwa sola yangu. Umesikia?"

"Nimesikia, yaya," akajibu, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa.

"Na watu utawaambia?"

"Nitawaambia."

Hakuwaambia.

Tochi nzuri kuliko zote aliipeleka kwenye nyumba ya matofali, kwa Mama Régina, mzalishaji, mkunga wa kijiji. Aurélie alikuwa na mimba kubwa, na Léontine hakutaka dada yake azae kwa mshumaa. Mama Régina alibonyeza, chumba kizima kikawa cheupe, hata utando wa buibui kwenye pembe ukaonekana.

"Eh! Kumbe miaka yote hii nilikuwa nafanya kazi na macho yamefungwa!" akacheka. "Iko mawe gani humu ndani?"

Kabla Léontine hajajibu, Mama Jeannette, mkubwa wa kamati ya wamama, akadakia mlangoni: "Kama iko betri ya simu, sisi hatutaki. Hizo ziko na sumu. Irudishe kwenu."

Léontine aliutazama mshumaa mezani, umebaki kama kidole gumba. Akamfikiria Aurélie.

"Ni mawe tu, mama," akasema. "Mawe makali kidogo. Ikichoka, mniletee."

Neno lilitoka jepesi kabisa. Toka siku hiyo kila mtu alitaka tochi yake. Asani, waliyekaa naye benchi moja shuleni, alimfuata njia nzima: "Injinia! Lini unatutengenezea jua?" Léontine akatengeneza tochi ya kwa kina Asani, na za nyumba nyingine. Wakiuliza, aliwajibu vilevile: mawe.

Sasa unajua kwetu jiwe likichoka linafanywa nini. Linatolewa, linaanikwa juu ya bati mchana, kisha linagongwa polepole kwa kokoto pande zote, linaamka, linakupa jioni nyingine. Mama zetu walifanya hivyo, nasi tunafanya, kwa sababu jiwe jipya ni bei na duka ni mbali.

Kiangazi kilipokaza, Léontine alikwenda Lusangi na mama yake kuvuna karanga. Huko nyuma tochi ya nyumba ya kuzalia ikaanza kufifia. Aliyeitengeneza hayupo, na Aurélie alikuwa ameanza kushika kiuno. Mama Régina akafanya alivyofundishwa. Akaitoa ile betri, akaiweka juu ya bati, jua likaipiga. Alipoishusha aliikuta imevimba. Akachukua kokoto, akaanza kuigonga.

Léontine na mama yake walirudi siku hiyohiyo alasiri, karanga kichwani. Uwanja wa nyumba ya matofali ulijaa watu. Asani akamkimbilia, safari hii bila kicheko.

"Jiwe limelipuka! Limemuunguza Mama Régina mkono. Ule wa kuume."

Mama Régina alikuwa ameketi kwenye mkeka, mkono ndani ya beseni la maji. Ngozi ya vidole ilikuwa imebabuka. Hakulia. Aliwaambia waliomzunguka, "Ni miye mwenyewe. Nimegonga vibaya. Nimezeeka, sijue tena hata kugonga jiwe."

"Si kosa lako," alisema Mama Jeannette. "Ni haya mawe ya madukani siku hizi, feki tupu."

Léontine alisimama na mzigo wake kichwani. Hakuna aliyemtazama kwa ubaya. Angeweza kwenda nyumbani, akatandaza karanga, akanyamaza. Lakini akainua macho, na juu ya bati la kwa kina Asani, ng'ambo ya njia, akaona kitu chembamba kimeanikwa, kinang'aa juani.

Alitupa karanga chini, akakimbia, akapanda pipa, akaishusha ile betri kwa kitambaa, akaizika kwenye mchanga wa kivulini. Watu walidhani ana wazimu. Alirudi, akapiga magoti mbele ya mkeka.

"Mama, haukugonga vibaya. Ile si jiwe. Ni betri ya kompyuta. Serge aliniambia isianikwe, isigongwe. Niliwadanganya. Niliogopa mtaikataa."

Kisha Mama Jeannette akapiga makofi ya mshangao. "Mutoto huyu! Umetuwekea moto ndani ya nyumba ya kuzalia!"

"Muache," alisema Mama Régina. "Kwanza aende nyumba kwa nyumba. Leo. Kila mwenye tochi yake aambiwe."

Léontine alikwenda. Nyumba nyingine alitukanwa, nyingine walimrushia tochi miguuni. Jioni Aurélie akashikwa na uchungu.

Tochi moja tu ilikuwa bado na nguvu. Léontine aliishika juu ya kitanda, akiigusa kila mara asikie joto lake. Mama Jeannette alitia mikono, na Mama Régina, mkono umefungwa kwa kitambaa, alimwongoza kwa maneno: hapa, polepole, ngoja, sasa. Mtoto alitoka akiwa kimya, halafu akalia. Msichana. Aurélie alipona.

Ningependa kukomea hapo. Wengi wangekomea hapo.

Vidole vya Mama Régina vilipona ngozi, lakini havikukunjika tena. Msimu wa mvua ulipoanza, mjamzito mwingine, Cécilia, aliletwa kutoka shambani kwa kiti cha kubebea wagonjwa, mtoto amekaa vibaya tumboni. Léontine alikuwepo na tochi yake, imechajiwa vizuri kwa Serge, na mwanga ulikuwa mweupe kabisa. Kila kitu kilionekana. Mkono wa kumgeuza yule mtoto ndio haukuwepo. Walimpakia kwenye pikipiki kuelekea Kasongo, na barabara ilikuwa tope. Cécilia hakufika.

Baada ya maziko Léontine alikaa nje ya nyumba ya matofali, hataki kuingia. Mama Régina alikuja akaketi karibu naye.

"Unafikiri nimekukasirikia sababu ya tochi?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Hapana. Mutoto anayetoa mwanga kwenye takataka, nani atamkasirikia? Nimekasirikia lile neno. Uliniambia jiwe, nami nikaifanyia kazi ya jiwe. Ukimpa mtu kitu, umpe na hatari yake. Usimfiche hata kama ataikataa. Akikataa, mtazungumza. Ukimdanganya, hamtazungumza tena."

Léontine alilia.

"Lia," alisema Mama Régina. "Lakini usijibebeshe yote. Weye ulisema uongo wa neno moja, ukaukiri mbele ya watu siku ileile. Wale waliosema taa zinakuja, wanasema toka haujazaliwa, na hakuna hata mmoja aliyekuja kukiri."

Sasa wewe, msomaji. Usingoje kesho. Leo ukitoka shule, shika kila tochi iliyobadilishwa kwenu, uliza ndani kuna nini, na kama ni betri ya simu au ya kompyuta, waambie wote wa nyumbani, bibi na watoto wadogo: isianikwe, isigongwe. Ukimaliza, wachukue wenzako, mwende kwa chefu, mkuu wa kijiji, mmuulize wanawake wa hapa wanazaa kwa taa gani. Akisema atafuatilia kesho, msiondoke mlangoni. Haya, inuka. Nenda.