Malkia Mwenye Sura ya Mtu Mwingine

"Hilo lalamiko lifute tu, mpenzi. Huyo mwanamke hana kazi ya kufanya," Fundi alisema, macho kwenye simu yake.

Filimbi hakulifuta. Jina hilo alipewa na wachezaji, kwa sababu ndiye msimamizi wa jukwaa la mchezo wao wa mtandaoni: akipuliza, mtu anafungiwa. Miezi minne iliyopita alimfungia mchoraji aitwaye Kalamu kwa kosa la kumchafulia jina Fundi, mchoraji wa wahusika wa mchezo huo. Kalamu alidai kwamba Malkia, mhusika aliyependwa kuliko wote mchezoni, ni mchoro wake, na kwamba Fundi ameuiba. Filimbi alisoma malalamiko yake yote matatu, lakini faili zilizoambatishwa hakufungua hata moja. Za nini? Fundi alikuwa mchumba wake, na Malkia alikuwa na sura ya Filimbi mwenyewe. Ndivyo Fundi alivyomwambia siku aliyomposa.

Asubuhi hiyo Kalamu alikata rufaa kupitia akaunti ya kaka yake. Safari hii Filimbi alifungua faili.

"Njoo uone."

Ilikuwa faili ya awali, yenye tabaka zote za mchoro. Filimbi aliondoa rangi, akaondoa wino, ikabaki rasimu ya penseli. Pembeni paliandikwa: "Mama, akiwa na miaka thelathini." Tarehe ilikuwa ya miaka miwili kabla Filimbi na Fundi hawajajuana.

"Tarehe zinaghushiwa," Fundi alisema.

"Basi nionyeshe rasimu yako."

"Kompyuta ya zamani si iliungua? Nilikwambia."

"Uliniambia iliibiwa."

Fundi akakaa kitini taratibu.

"Huyu Kalamu ni nani kwako?"

"Tuliwahi kufanya kazi pamoja."

"Kazi tu?"

"Tuliishi pamoja mwaka mmoja. Yameshapita hayo!"

"Yamepita, ukaondoka na michoro yake. Kumbe miezi yote hii natembea kifua mbele na sura ya mama mkwe wako!"

"Nakupenda kweli. Nilisema vile ufurahi, na ulifurahi. Uliniuliza swali hata moja?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Shangazi zako wameshapata kadi za harusi," Fundi aliendelea. "Ukinifungia, utawaambia nini?"

"Kwamba bwana harusi amefungiwa."

"Na wewe je? Kanuni inasema msimamizi haamui kesi ya mtu wake. Ukisema ukweli, nawe umekwisha."

"Naijua. Niliiandika mimi."

Akaandika mbele yake: "Malkia ni kazi ya Kalamu. Fundi amefungiwa na michoro mingine yenye jina lake imeondolewa. Aliyemfungia Kalamu bila kutazama ushahidi ni mchumba wa Fundi, yaani mimi. Leo naacha usimamizi." Akabonyeza.

"Umeniua," Fundi alisema. Alichukua koti lake, akatoka bila kufunga mlango.

Filimbi aliufunga mwenyewe, kisha akatuma ujumbe:

"Dada, nilikuonea. Nisamehe. Akaunti yako imefunguliwa, na jina lako liko chini ya Malkia."

Jibu lilikuja baada ya dakika chache.

"Nimeliona. Mama tulimzika mwezi uliopita. Kila wiki alikuwa akiniuliza kama jina langu limeshawekwa."

Filimbi aliandika "pole". Akalitazama neno hilo kwa muda, akalifuta.