Notisi ya Siku Saba

Mvua ya saa tisa iliwafumania watu wa soko la Kakamega, wakasongamana chini ya kibanda cha mama muuza njugu.

"Dada, umekanyaga kamba ya kiatu changu," ilisema sauti kando ya Muhonja.

"Basi usiende popote."

Kijana mwenye shati la samawati alicheka. Alikuwa Patroba wa Kabras, mtafiti wa magonjwa ya miwa katika chuo kikuu alikosoma Muhonja. Tangu siku hiyo hapakupita jioni bila simu.

Muhonja alikuwa akijifunza kazi katika chumba cha seva chuoni. Seva nne ziligawanywa kuwa mashine pepe nyingi, kompyuta zilizomo ndani ya kompyuta, kila mtafiti na yake. Nafasi ilipopungua, mashine iliyozimwa mwezi mzima ilifutwa. Ila kwanza mwenyewe aliandikiwa, akangojwa siku saba. Asubuhi moja, akitaka kumfurahisha msimamizi, Muhonja alifuta kumi na moja bila kumwandikia yeyote.

Jioni simu ililia. "Mpenzi, mashine yangu haionekani. Picha zangu za misimu miwili zimo humo tu."

"Ulikuwa umeizima?"

"Mama alitulea hivyo. Usichokitumia, kizime."

"Pengine ni hitilafu ya mtambo," alisema, na uongo ukamkaa kifuani kama tonge lisilomezeka.

Akaanza kuzikwepa simu zake. Wiki ya tatu Patroba alimwandikia: "Niambie jina lake tu."

Muhonja alivaa gauni lake la kitenge la kanisani, akamwita kwenye kibanda kile kile.

"Nilidhani utakuja naye," alisema Patroba.

"Hakuna mwanamume. Mashine yako niliifuta mimi. Sikukupa notisi, kisha nikakudanganya."

Patroba alimenya njugu moja, hakuila.

"Ungeniandikia, ningeiwasha."

"Najua."

"Wiki tatu nimemlaumu mama, Muhonja. Nilimwambia ushamba wake umeniharibia kazi. Akaniomba msamaha."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Muhonja. Kosa lake lilikuwa limemfikia mama asiyemjua, naye akalipokea kama lake.

"Jumamosi naenda kupiga picha upya, shamba kwa shamba," alisema Patroba hatimaye. "Utanishikia kamera. Lakini tutaanzia nyumbani, umweleze mama mwenyewe."

"Nimwambie mimi ni nani wako?"

Patroba alimmiminia njugu zilizobaki kiganjani.

"Mweleze kwanza. Hilo atakuuliza yeye, nami nitakuwa nimekaa kando yako."