Uzi wa Juu na Uzi wa Chini

Asubuhi katika nyumba ile ilikuwa ikianza na mlio wa cherehani. Trrrr, kimya kidogo, trrrr tena, kisha mkasi ukilia juu ya meza. Chiriku aliuzoea mlio huo tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ya miguu ilikaa sebuleni chini ya dirisha, mahali penye mwanga mzuri. Mtoto alipiga mswaki, akanywa chai, akavaa sare, na mlio ukimsindikiza mpaka mlangoni.

Mwaka ule mlio ukakoma.

Haukukoma kwa siku moja. Kwanza mama alianza kuchelewa kuamka. Halafu akawa anakaa mbele ya cherehani, kitambaa mkononi na mguu juu ya pedeli, asishone. Wateja wakija huwaambia, "Njooni kesho," na kesho yake huwaambia vivyo hivyo. Chakula alikionja tu. Usiku usingizi haukuja, na mchana nguvu hazikuja. Mwisho akawa yupo tu kitandani, amegeukia ukuta.

Watu walisema yao. Huyu alisema ni uchovu, yule alisema ni uvivu, mwingine akanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Baba, ambaye alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, alipiga simu akauliza, "Mama yako anaumwa nini hasa?" Chiriku aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, lakini safari hii alisema tu, "Sijui, baba."

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekata shauri. Alifika na mfuko wake wa nguo na magoti yake mabovu, akasimama mlangoni mwa chumba akatazama mapazia yaliyofungwa.

"Wifi, vaa viatu," alisema. "Mungu tumemwomba, na tutazidi kumwomba. Lakini zahanati hakuiweka pale iwe pambo la mtaa."

Daktari wa zahanati alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya pole. Aliuliza maswali mengi, mengine kwa kunong'ona, na hakuharakisha majibu. Kisha akasema, "Huu ni ugonjwa, mama. Unaitwa sonona. Si uvivu, wala si laana. Unamshika mtu moyo, akili na mwili, na unatibika."

Akaandika dawa, kidonge kimoja kila jioni baada ya kula. "Dawa hii ina mwendo wa kinyonga. Siku za mwanzo huenda usione kitu ila kinywa kukauka na kusinzia. Usiiache. Ukiona inakushinda, njoo kwanza tuzungumze. Na nisikudanganye, vidonge vitupu havitoshi. Asubuhi toka nje jua likuguse. Tembea, hata kama ni hatua chache. Kula hata kama hujisikii, lala na uamke saa zilezile, usijifungie peke yako. Ukipata nguvu kidogo, gusa kazi yako."

Nyumbani, shangazi aligawa majukumu kama mwalimu wa zamu. Yeye atapika na kufua. Chiriku atampa mama kidonge kila jioni, maana mama alikuwa akisahau mpaka kuchana nywele. Na matembezi ya asubuhi pia yatakuwa ya Chiriku.

"Kwa nini si wewe, shangazi?"

"Magoti yangu yamestaafu kabla yangu," shangazi alijibu.

Siku ya kwanza walifika kwa fundi baiskeli tu, pale kwenye kona. Mama alitembea kama mtu aliyebeba gunia. Fundi baiskeli aliinua kichwa, mikono imejaa grisi, akasema, "Habari za asubuhi, mama fundi?" Mama hakuitikia. Walirudi, akalala.

Kesho yake walitoka tena, na keshokutwa yake.

"Nimechoka, mwanangu."

"Mpaka kwenye nguzo ile ya umeme tu, mama."

"Nguzo zako haziishi."

Wiki zilipita hivyo, asubuhi matembezi, jioni kidonge. Polepole mama akaanza kuitikia salamu. Akaanza kumaliza sahani yake. Asubuhi moja, waliporudi, alikaa kwenye cherehani akafunga upindo wa kanga ya shangazi. Upindo mmoja tu, lakini Chiriku aliusikia ule mlio, trrrr, akajikuta ameshika mlango na machozi yanamtoka. Alijua moyoni nani amemponya mama. Ni yeye, na nguzo zake.

Ndipo yalipotokea ya bombani. Chiriku alikuwa kwenye foleni ya maji pamoja na wenzake. Njiti, msichana wa nyumba ya jirani aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, alimgeukia akauliza mbele ya watu, "Eti ni kweli mama yako anakunywa zile dawa za vichaa?"

"Nani kasema?"

"Si mama yangu! Kasema ukizianza hizo huachi mpaka kaburini."

Wasichana wakacheka. "Leo Chiriku kameza ulimi!" mmoja akapiga kelele. Chiriku alibeba ndoo yake ikiwa nusu, akaondoka.

Alimkuta mama anasinzia kwenye cherehani, midomo imekauka, kikombe cha maji pembeni. Chiriku alimtazama kwa hasira asiyojua ni ya nani. Akawaza, kutembea ndiko kunakomwamsha. Hivi vidonge vinamlaza tu, na kutufanya tuchekwe na watu. Jioni ile alichukua pakiti za dawa akazificha ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa, akalirudisha kwenye rafu.

Baada ya kula, mama aliuliza, "Kidonge nimeshameza?"

"Umeshameza, mama."

"Haya. Siku hizi wewe ndiye kichwa changu."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku, lakini uongo alikuwa ameshausema.

Mwanzoni hakuna kilichobadilika, naye akajipongeza kimoyomoyo. Halafu mama akaanza kulalamika kizunguzungu. Usingizi ukakimbia tena. Alianza kulia bila sababu, akiwa anamenya viazi, akiwa anafunga kamba za viatu. Asubuhi moja alikaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, akasema, "Leo siwezi."

"Mama, mpaka kwenye nguzo!"

"Niache, mwanangu. Niache tu."

Chiriku alimvuta mkono. Mama hakukasirika. Alivua kile kiatu kimoja, akageukia ukuta.

Shangazi alikuna kichwa jikoni. "Mbona tunarudi nyuma? Dawa si anameza?"

"Anameza," Chiriku alisema, huku akisugua sufuria iliyokwisha takata.

"Na wewe vipi? Nyumba hii zamani tulikuwa tunakuomba unyamaze. Sasa umekuwa bubu."

Chiriku alizidi kusugua. Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili, naye alichoka kuubeba. Shuleni alikaa dirishani akimwaza mama. Bombani alichagua saa ambayo Njiti hayupo.

Siku moja alikuja mama mmoja aliyekuwa ameagiza sketi ya shule ya mwanawe. "Jamani, mwanangu anaanza shule mpya," alisema mlangoni. "Kesho nitaichukua niipeleke kwa fundi mwingine. Sina ubaya, lakini mtoto hawezi kwenda na kitambaa."

Sketi ilikuwa imebaki upindo tu. Chiriku aliona akiimaliza yeye, mteja atabaki, na mama atapata moyo wa kuinuka. Alikunja kitambaa kama alivyoona siku zote, akakiweka chini ya sindano, akakanyaga pedeli. Sindano ilipanda na kushuka, uzi ukakimbia, kitambaa kikatembea. Alifika mwisho akatabasamu. Alipoinua sketi, upindo ulifunguka wote. Kulikuwa na safu ya matundu madogo tu, na uzi umelala juu yake kama unywele. Akarudia. Yakawa matundu juu ya matundu.

"Bobini imekwisha uzi wa chini," sauti ya mama ilisema kutoka chumbani.

Chiriku alishtuka. Alichukua sketi akaenda mlangoni. "Umejuaje, mama, na hujaona?"

"Nimesikia. Mlio ni mwepesi mno. Unashona na uzi wa juu peke yake." Mama hakugeuka, lakini alikuwa anazungumza, na hilo peke yake lilikuwa jambo. "Bobini zilizojaa ziko kwenye kopo la vifungo. Nipe nikuchagulie ya rangi yake."

Kopo la vifungo.

Chiriku alisimama mbele ya rafu. Angeweza kusema kopo halionekani. Angeweza kuzitoa pakiti harakaharaka akazitia mfukoni, mama asingejua. Lakini mikono ilikuwa mizito, na moyo umechoka. Alilichukua kopo kama lilivyo, akaliweka kitandani mbele ya mama.

Mama aliingiza vidole kati ya vifungo akitafuta vile vigurudumu vidogo vya uzi. Akagusa kitu kingine. Alizitoa pakiti moja moja, akazitazama. Kisha akageuka, kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama binti yake.

"Ulikuwa unaniambia nimeshameza."

"Nisamehe, mama." Sasa maneno yalimwagika kwa Chiriku kama zamani. "Walinicheka bombani. Nikaona unasinzia. Nikadhani ni kutembea tu kunakokuponya, nikataka upone bila vidonge, watu wasiseme. Nimekudanganya wewe, nikamdanganya na shangazi."

Mama alizipanga pakiti juu ya shuka. Hakuwa na nguvu za kugomba. Mwishowe akasema, polepole, "Kumbe. Mimi nilidhani nimeshindwa. Nilidhani hata Mungu amenichoka."

Chiriku alilia kwa sauti. Shangazi akaingia mbio, mikono ina unga. Alitazama pakiti, akamtazama mtoto, akajua. "Wifi, viatu," alisema tu. "Na wewe mwanamke mdogo, vaa vyako. Utayasema mwenyewe mbele ya daktari."

Akayasema, kichwa chini, neno kwa neno. Daktari alimsikiliza kama alivyokuwa amemsikiliza mama. Alimpima mama, akamweleza namna ya kuanza dawa upya, akasema kile kizunguzungu na machozi ni mambo yanayotokea dawa ikikatwa ghafla. Kwa ukavu wa kinywa, awe na maji karibu, anywe kidogokidogo; usingizi wa mchana usipopungua, arudi watazame kipimo cha dawa.

Kisha akamgeukia Chiriku. "Matembezi yako yalimsaidia mama yako, usiyadharau. Lakini dawa ndiyo iliyompa nguvu ya kunyanyua mguu. Na jambo jingine, shangazi, hili nakuambia wewe. Dawa ashike mtu mzima. Mzigo huu ulikuwa mkubwa kwa mtoto."

"Nimekosea mimi," shangazi alisema. "Nitazishika. Mikono yangu haijastaafu."

Walianza upya, na haikuwa rahisi kama kusema. Asubuhi nyingine walifika kwa fundi baiskeli, nyingine waliishia mlangoni. Sketi ilimalizwa na fundi mwingine. Baba alirudi kutoka safari, akakaa na mama kwenye ngazi za mlango, juani, bila maneno mengi. Bombani, Njiti aliuliza tena kama mama bado anakunywa zile dawa.

"Anakunywa," Chiriku alijibu. "Na asubuhi tunatembea. Bibi yako si anakunywa za presha? Mbona hatumcheki?"

Njiti alitazama ndoo yake. "Kweli," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Msalimie."

Kulipopita wiki kadhaa, mlio ukarudi. Haukuwa wa siku nzima; ulikuwa wa saa za asubuhi, baada ya matembezi, kisha mama hupumzika. Siku moja alimwita Chiriku, akampa kipande cha kitambaa na bobini iliyojaa.

"Iweke mwenyewe. Sasa kanyaga."

Chiriku akakanyaga. Alipoinua kitambaa, alikivuta huku na huku. Hakikuachia.

"Umeona?" mama alisema. Bado alikuwa na uchovu machoni, lakini macho yalikuwa yanamtazama mtu. "Sindano inashuka na uzi wa juu, uzi wa chini unaupokea, zinashikana. Ndiyo mshono. Dawa yangu ni uzi mmoja. Jua, kutembea, chakula, usingizi, sala, na ninyi watu wangu, huo ni uzi wa pili. Ulitaka kunishona kwa mmoja, mwanangu. Hata mwenye vidonge tu asiyetoka kitandani, naye anajishona kwa mmoja."

"Na uongo, mama?"

Mama alichukua kipande kingine chenye matundu matupu, alichokuwa amekishona kwa uzi wa juu peke yake, akakilaza juu ya goti. "Uongo ndio huu. Kwa mbali utadhani kimeshonwa. Nami nilikivaa nikidhani umekishona. Ukiona jambo limekushinda, au watu wamekucheka, sema. Tutakaa nalo wote."

Jioni, baada ya kula, shangazi alitoka chumbani na kidonge na kikombe cha maji, akiyanung'unikia magoti yake. Chiriku aliacha vyombo akatazama. Mama hakuuliza kama ameshameza. Alikunjua kiganja chake, akasubiri.