Tabu Hakusikia Moto

Kila asubuhi Mtoro huchota maji kisimani, hapa Ruaruke. Hubeba ndoo mbili, moja kila mkono. Wanawake wanaopishana naye humtania.

"Mtoro, leo umepika nini?"

"Sijapika bado," hujibu Mtoro. "Na ndoo hizi hazijaniuliza kama mimi ni mwanamume."

Hana haya hata kidogo, na mimi nampenda kwa hilo. Anachota maji kwa sababu mkewe, Tabu, hatakiwi kubeba vitu vizito. Miaka minne iliyopita Tabu aliugua saratani ya titi la kulia. Alipasuliwa Dar es Salaam, titi likaondolewa. Baadaye, alipomaliza matibabu, madaktari walimtengenezea titi jingine. Walichukua ngozi na mafuta ya tumboni mwake, wakayahamishia kifuani. Tangu hapo tumbo lake halina nguvu kama zamani.

Tabu alirudi nyumbani na maisha yakaendelea. Alipalilia mpunga. Alibangua korosho. Akivaa gauni lake la Idi, hakuna aliyeweza kujua titi lipi la zamani na lipi jipya.

"Hili lilikuwa tumbo," aliwaambia shoga zake, akijigusa kifua. "Nimetoa kitambi, nimepewa titi."

Shoga zake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke aliyepita kwenye ugonjwa ule na bado anachekesha watu, huyo ni wa kusifiwa.

Lakini mwaka jana, mwezi wa Ramadhani, Tabu aliacha utani huo. Siku moja alikuwa anaoga. Vidole vyake vikakutana na kitu kigumu ndani ya titi jipya. Kilikuwa kidogo, kama kokwa ya tende. Alijua anachokiogopa: ugonjwa umerudi.

Hakumwambia Mtoro. Kliniki pia hakwenda. Alikuwa ameacha kuhudhuria kliniki tangu mwaka uliopita, kwa kuwa alijiona amepona. Sasa aliogopa kwenda na kuambiwa habari mbaya. Idi ikaja, ikapita. Kile kitu kigumu kilikuwa palepale.

Mwishowe alimwambia mtu mmoja tu, shangazi yake, Biasha.

Biasha ni mkandaji. Mwanamke akijifungua, Biasha huitwa amkande kwa maji ya moto, na mzazi huyo huinuka na nguvu zake. Kazi hiyo alifundishwa na bibi yake. Bibi naye alifundishwa na mama yake, aliyekimbia kutoka milima ya Umatumbi wakati wa Vita vya Maji Maji, akiwa na mtoto mgongoni na njaa tumboni. Biasha hujivunia sana mikono yake, na ana haki ya kujivunia.

"Shangazi, niapie hutamwambia mtu," Tabu alisema.

"Wallahi, simwambii mtu. Hebu nione." Biasha alibonyeza taratibu. "Mm. Hii damu imeganda, mwanangu. Itayeyuka. Nitakukanda."

Alichemsha maji na majani ya mwarobaini. Akachovya kitambaa, akakikamua, akakiweka juu ya titi. Biasha hapimi maji kwa mkono wake, kwa kuwa viganja vyake vimekomaa. Yeye huangalia uso wa anayekandwa. Mwanamke akikunja uso, Biasha hujua maji yametosha. Akipiga kelele, hupunguza moto.

Tabu hakukunja uso.

"Vipi, moto?" Biasha aliuliza.

"Wala, Shangazi. Endelea tu."

Biasha akaongeza maji yanayotoka jikoni moja kwa moja. Bado Tabu alikaa kimya, akiangalia ukuta.

"Lo! Mwanamke jasiri huyu!" Biasha alisema kwa furaha. "Nimekanda wake za watu Ruaruke nzima. Sijaona anayevumilia kama wewe."

Asubuhi yake Tabu alipofungua kanga, ilikuwa imegandia kwenye ngozi. Titi lilikuwa jekundu. Malengelenge makubwa yalikuwa yametokea, mengine yamepasuka na kutoa maji. Jambo la ajabu ni kwamba hakusikia maumivu hata kidogo.

Alijipaka mafuta ya nazi, halafu akamwita Biasha. Biasha alipoona, akakaa chini kwenye mkeka.

"Nimekuunguza," alisema. "Nimekuunguza na wewe umenyamaza! Kwa nini umenyamaza?"

"Sikusikia, Shangazi. Naapa, sikusikia kitu."

Biasha alijitanda ushungi. "Inuka. Tunakwenda zahanati."

Katika zahanati walimkuta nesi Zabibu.

"Shikamoo, bibi," nesi alimwambia Biasha, kisha akamgeukia Tabu. "Mama Bushiri, kuna nini?"

Tabu alifungua kanga. Nesi Zabibu hakupiga kelele wala kumgombeza mtu. Alinawa mikono, akasafisha kidonda, akatoa mafuta ya nazi yote.

"Mtu akiungua, mmwagieni maji safi ya baridi muda huohuo, kwa muda mrefu kidogo," alisema. "Halafu mfunikeni kwa kitambaa safi, mje. Msipake mafuta, wala asali, wala dawa ya meno."

"Lakini kwa nini hakusikia moto?" Biasha aliuliza. "Ngozi ni yake mwenyewe."

"Ni yake, bibi. Lakini ilitolewa tumboni ikaletwa huku. Mishipa midogo inayopeleka habari kichwani ilikatwa. Wengine hisia hurudi kidogo, wengine hazirudi kabisa. Ngozi inaungua, lakini kichwa hakipati habari."

"Hata baada ya miaka yote hii?"

"Hata baada ya miaka mingi. Kwa hiyo hapo hapawekwi kitambaa cha moto, wala chupa ya maji ya moto. Akikaa jikoni, asisogee sana karibu na moto. Na kila siku ajiangalie kwa macho, kwa sababu maumivu hayatamwambia."

Nesi aliendelea kugusa pembeni ya kidonda. Vidole vyake vikasimama.

"Na hili gumu hapa? Limeanza lini?"

Tabu aliangalia sakafu.

Nesi aliuliza tena. Tabu alikaza midomo. Akamtupia shangazi yake jicho, jicho la kumkumbusha kile kiapo.

Biasha alikuwa amemwapia kwa jina la Mungu, na yeye si mtu wa kucheza na kiapo. Aliitazama mikono yake juu ya magoti. Halafu akasema:

"Lipo tangu mwezi wa Ramadhani. Mungu anisamehe, nimevunja kiapo. Mimi ndiye niliyelikanda. Nilisema ni damu imeganda, kumbe sijui ni nini. Nesi, mimi sijui."

Biasha amekanda wazazi wengi na amesifiwa sana. Mimi namsifu zaidi kwa maneno yale mawili, "mimi sijui". Kwa mtu mwenye jina kubwa kama lake, si maneno mepesi.

Tabu alianza kulia. "Umerudi," alisema. "Ugonjwa umerudi, na nitamwacha Mtoro na watoto."

"Hatujui bado, mama Bushiri," nesi alisema. "Nisikilize. Mafuta yaliyohamishwa yakikosa damu ya kutosha, sehemu ndogo inaweza kufa na kuwa ngumu. Hiyo si saratani. Lakini saratani nayo inaweza kuwa ngumu vilevile. Mkono wangu hauwezi kuvitofautisha, na wa bibi hauwezi. Hata wa daktari hauwezi. Kinachotofautisha ni kipimo."

"Na kama ni yenyewe?"

"Kama ni yenyewe, leo ni bora kuliko mwezi ujao."

Siku hiyohiyo Mtoro aliambiwa kila kitu.

"Nimekubebea ndoo miaka yote hii," alimwambia mkewe. "Ulidhani hili litanishinda kubeba?"

Walisafiri watatu kwenda Dar es Salaam, kwenye hospitali ileile. Biasha alikataa kubaki. Daktari aliangalia titi kwa mashine, kisha akachukua kinyama kidogo kwa sindano. Majibu hayakuwa ya siku ileile, wakalala kwa ndugu yao. Biasha hakula vizuri. Kila saa alikuwa na tasbihi mkononi.

Siku ya majibu daktari aliwaita wote ndani.

"Si saratani," alisema. "Ni mafuta yaliyokufa. Hayatakudhuru. Tutayaacha, lakini tutayaangalia."

Tabu alimshika Mtoro mkono. Biasha alisujudu palepale ofisini, karibu na miguu ya meza.

"Lakini usiache tena kliniki," daktari alisema. "Titi la upande wa pili nalo linataka kuangaliwa. Tumbo likivimba au likitoka kinundu, njoo. Mkono wa kulia ukivimba, njoo. Ukiona uvimbe mpya, wekundu au kidonda, usingoje."

Nje ya hospitali Biasha alivuta pumzi ndefu.

"Wazee wetu wa Vita vya Maji Maji walikuwa mashujaa, siwasemi vibaya," alisema. "Walipewa maji wakaambiwa yatazuia risasi. Hayakuzuia. Mimi nami nilidhani maji yangu yatayeyusha kila kitu."

"Uchovu wa mgongo yanauyeyusha, Shangazi," Tabu alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani alicheka. "Mgongo wangu unayadai."

Kidonda kilichukua wiki nyingi, nesi Zabibu akikisafisha na kukifunga. Kimepona na kuacha kovu. Tabu hajakosa kliniki tena.

Na Biasha? Bado anakanda. Juzi aliitwa kwa Mwanawetu, binti wa jirani aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Tabu alikuwepo, amempakata kichanga. Biasha alichovya kwanza kiwiko chake ndani ya maji. Kisha akauliza:

"Umewahi kupasuliwa? Kuna mahali husikii ukiguswa? Titi lina uvimbe?"

"Hapana, bibi."

Biasha akaanza na mgongo. Mwanawetu alifumba macho, akauma meno. Machozi yalimtoka, lakini alikaa kimya.

"Jasiri huyo!" wanawake wakasema.

Biasha aliweka kitambaa chini.

"Simtaki jasiri hapa," alisema. "Namtaka wa kupiga kelele."

"Piga kelele, mwanangu," Tabu alisema. "Mimi nilinyamaza, na kovu ninalo."

Mwanawetu alifumbua macho. "Moto, bibi! Moto! Unaniunguza!"

"Ahsante," alisema Biasha, akachota maji ya baridi, akaongeza.